Uliza Kadi ya Pili

Jumapili asubuhi hapa Ohio, kule Tanga ni saa kumi alasiri, na huo ndio wakati wangu wa kumpigia mama. Tangu mwaka 2016 salamu zetu zimebadilika kidogo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hujaanguka?”

Sijaanguka. Lakini siku ile nilipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba najifunza urubani, si wa kazi, wa kujifurahisha tu, hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alinyamaza, nikasikia kuku wake wakilia nyuma ya simu, halafu akauliza swali moja: “Huyo anayekufundisha, yeye alifundishwa na nani?”

Nikamjibu upesi, kwa ile sauti ya mtoto aliyekwenda ng’ambo: “Mama, hii ni Marekani. Hapa hakuna anayefundisha bila cheti.” Jibu lilikuwa kweli, ila mimi nililitoa bila kujua chochote. Sikuwa nimeuliza mwalimu wangu ana cheti gani, kinamruhusu kufundisha nini, na saa atakazoniandikia zitatambuliwa wapi. Aibu zaidi ni kwamba mimi mwenyewe ni mwalimu. Nilifundisha hisabati sekondari Tanga kwa miaka sita, na nilipofika huku sikuruhusiwa kusimama mbele ya darasa mpaka jimbo lilipopekua vyeti vyangu na kunipa leseni yake. Mtu aliyepitia hayo yote, halafu anapanda ndege na mzee asiyemjua kwa sababu tu bei ni nafuu.

Bei ilikuwa nafuu kweli. Uwanja ni wa nyasi, mahindi kushoto, soya kulia, na banda la bati ambalo mlango wake husukumwa na watu wawili. Ndege ni Aeronca Champion ya mwaka 1946, Champ kwa wanaoipenda, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, bodi ya kitambaa. Haina stata. Mwalimu husimama mbele akazungusha pangaboi kwa mkono, nawe umeketi ndani visigino vimekanyaga breki, unaomba Mungu zishike. Yeye alikuwa fundi wa matrekta aliyestaafu, umri sitini na ushei. Mdomoni nilimwita jina lake la kwanza kama Wamarekani wafanyavyo. Moyoni nilimwita Mzee, na humu atabaki Mzee.

Kabla sijagusa fimbo ya kuongozea ndege kulikuwa na shughuli ya serikali. Wakati huo nilikuwa na kadi ya kijani, si uraia, na kwa sheria zilizokuja baada ya Septemba 11, 2001 (baadhi ya watekaji wale walijifunzia urubani Florida) asiye raia hawezi kuanza masomo ya urubani mpaka idara ya usalama wa usafiri imchunguze. Hata kama anataka kuzunguka juu ya mashamba tu. Nikatoa alama za vidole, nikalipa dola 130, nikasubiri. Mwalimu naye lazima ajiandikishe kwao, na siku ya somo la kwanza akupige picha na kuwatumia. Walimu wawili wa jirani walinikataa kwa sababu ya usumbufu huo. Mzee alisema tu, “Hizo fomu haziumi,” akanisimamisha mbele ya banda na kunipiga picha kwa simu yake iliyopasuka kioo. Ninayo mpaka leo. Naonekana kama mtu aliyekamatwa.

Somo la tatu alinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma akabandika kipande cha karatasi juu ya kipimo cha mwendo. “Sikiliza,” akasema. Nikasikiliza. Ndege ya kitambaa inapopunguza mwendo, upepo unaopuliza kwenye nafasi ya mlango hushuka sauti, kama mtu anayenyamazishwa taratibu. Baada ya wiki mbili nilikuwa naweza kukisia kasi kwa sikio, nikikosea kidogo tu. Nimekaa na walimu wengi tangu utotoni. Huyu alijua kufundisha. Shida ilikuwa kwenye mfuko wake wa nyuma wa suruali, nami sikuwa nimetazama huko.

Kila mwalimu wa urubani Marekani ana kadi mbili. Ya kwanza ni ya urubani, ile yenye picha za akina Wright, inayosema anaweza kurusha nini. Ya pili ni ya ualimu, nayo ina namba ile ile ya kwanza ikifuatwa na herufi CFI. Watu huiona ya kwanza wakaridhika. (Wenyewe, yaani mamlaka ya anga FAA, hawatumii kabisa neno leseni, kwao hivi ni vyeti. Sisi tuendelee kusema leseni, maana ndivyo kila mtu asemavyo uwanjani, wakiwemo wao.)

Mwaka 2017 nilifaulu mtihani na kupata leseni ya spoti. Ndiyo ngazi ya chini ya anayetaka kuruka kwa raha zake: sheria yake ilianza 2004, kima cha chini ni saa 20 angani, 15 ukiwa na mwalimu na 5 peke yako. Unabeba abiria mmoja, wakati huo uliruka mchana tu, na kama hujawahi kunyimwa cheti cha afya cha marubani, leseni ya kawaida ya gari inatosha kuthibitisha afya yako. Mimi nilichukua saa 34 kufika hapo, 22 na Mzee na 12 peke yangu. Sioni haya. Champ haimsamehi mtu mwenye miguu mizito.

Wiki chache baadaye nilikwenda shule moja kubwa ya urubani mjini, yenye zulia na mashine ya kahawa, nikitaka kuendelea mpaka leseni binafsi ili nimpakie mke wangu na watoto wote wawili. Mkuu wa walimu pale, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, alifungua logibuku yangu, daftari la saa za kuruka, akaanza kushuka na kidole mstari kwa mstari. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akashuka tena. Kisha akaniuliza kwa upole, “Aliyekuwa anasaini hapa, ni mwalimu wa spoti?”

Nikasema ni mwalimu.

Akaniambia saa zangu 12 za peke yangu ni halali, na jumla ya saa 34 ni halali kama muda wa kuruka. Ila zile 22 za kufundishwa, kwa hesabu ya leseni binafsi, ni sifuri. Leseni binafsi inataka saa 40 kwa uchache, na 20 kati yake uwe umefundishwa; hizo 20 nianze upya, na mwalimu wa kadi ya aina nyingine, kwa bei ya pale ambayo ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya Mzee. Nilirudi nyumbani nikiendesha gari kimya kimya. Mke wangu akauliza kama nimefeli kitu. Nikamwambia hapana, nimefaulu, ila hakuna anayejua.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria, miezi kumi na minne baada ya swali la mama.

Marekani ina walimu wa urubani wa aina mbili, na sura mbili tofauti za kitabu kile kile cha kanuni, Sehemu ya 61. Wa kwanza ni mwalimu kamili. Huyu awe na miaka 18 au zaidi, ajue Kiingereza cha kusoma, kuandika na kuzungumza, na, hili ndilo zito, awe na leseni ya biashara au ya mashirika ya ndege, pamoja na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo ndani ya mawingu. Leseni ya biashara kwa njia ya kawaida inataka saa 250. Juu ya hapo kuna mtihani wa kuandika wa misingi ya ufundishaji, mwingine wa urubani wenyewe, kisha mtihani wa mdomo na wa angani ambao una sifa ya kula siku nzima.

Wa pili ni mwalimu wa spoti. Umri ni ule ule, Kiingereza kile kile, mtihani wa misingi ya ufundishaji ule ule. Ila huyu hahitaji leseni ya biashara wala ya mawinguni. Leseni ya spoti inamtosha, na kwa ndege za injini moja awe na saa 150 za kuruka, ambazo 100 kati yake awe ndiye mwenye dhamana ya chombo chenye injini, 50 ziwe kwenye ndege za injini moja, na 25 ziwe za safari za kutoka uwanja hadi uwanja. Afya yake inaweza kuthibitishwa na leseni ya gari, kama ya mwanafunzi wake. Na anaruhusiwa kulipwa. Hili la malipo liliwahi kunichanganya, kwa sababu rubani wa spoti haruhusiwi kabisa kuruka kwa ujira. Mantiki yao ni kwamba mwalimu halipwi kwa kurusha ndege, analipwa kwa kufundisha. Ukiwahi kuishi na walimu utakubali kwamba hizo ni kazi mbili.

Kuna kitu kimoja ambacho wote wawili hawakwepi: kuzungusha ndege. Lazima mwanafunzi wa ualimu apelekwe juu, ndege ipunguzwe kasi mpaka mabawa yasibebe tena, bawa moja liangushwe, na ndege ianze kuzunguka kama pia ikielekea chini. Kisha aitoe humo, na mwalimu wake aandike kwenye logibuku kwamba anaweza. Rubani wa kawaida anaweza kuishi maisha yake yote bila kuifanya hii hata mara moja. Mwalimu hawezi, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kumwingiza humo bila taarifa.

Mzee, basi, alikuwa wa aina ya pili. Hakuwahi kunificha. Sikuwahi kumuuliza.

Sasa hapa pana kichekesho ambacho sijawahi kuchoka kukisimulia. Mbali na spoti, Marekani ina leseni nyingine inayoitwa hasa leseni ya burudani, iliyoanzishwa 1989. Inataka saa 30. Mwenye nayo anabeba abiria mmoja, injini isizidi nguvu farasi 180, anaruka mchana, na bila mafunzo ya ziada haruhusiwi kutoka zaidi ya maili 50 za baharini kutoka uwanja alikojifunzia. Maili 50! Kutoka Tanga unafika Pemba, unanunua karafuu, unarudi. Na mtu huyu asiyeruhusiwa kwenda popote, asiyeruka usiku, asiyeingia wingu, lazima afundishwe na mwalimu kamili, mwenye leseni ya biashara na idhini ya mawinguni. Mwalimu wa spoti haruhusiwi kumgusa. Ni kama kudai kwamba anayefundisha watoto kuendesha baiskeli awe na leseni ya basi la mkoani. Si ajabu leseni hiyo imebaki kama shati la sikukuu: ipo kabatini, haivaliwi. Waliotaka kitu rahisi walikwenda spoti, na waliotaka kitu kamili wakaongeza saa 10 wakachukua leseni binafsi.

Lipo pia jambo la kimataifa. Kanuni za kimataifa za leseni za marubani, Kiambatisho cha Kwanza cha shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, zinataka mwalimu awe amefikia ujuzi na uzoefu wa rubani wa biashara. Leseni ya spoti iko chini ya kiwango hicho cha kimataifa, na ndiyo maana haivuki mpaka. Ukitaka kuruka nayo nchi nyingine lazima nchi hiyo ikupe ruhusa kwanza. Mama aliponiuliza kama siku moja nitakuja Tanga nikiendesha mwenyewe, nilimjibu kwamba kwa kadi ile siwezi hata kufika Kanada bila kuomba. Akasema, “Basi hiyo si leseni, ni pasi ya shule.” Ulaya nao walilikata tatizo hili kwa njia yao: anayetaka kufundisha leseni yao nyepesi ya ndege peke yake hadaiwi masomo ya nadharia ya leseni ya biashara, akitaka kufundisha ya kimataifa, anadaiwa. Kila mahali ni ugomvi ule ule kwa lahaja tofauti.

Nilikaa mwaka mzima nimenuna. Katikati ya 2018 FAA ikatangaza mabadiliko, na mojawapo lilikuwa langu kabisa: mafunzo kutoka kwa mwalimu wa spoti sasa yangehesabiwa kuelekea leseni ya burudani au ya binafsi. Saa zangu 22 zikafufuka. Nilimpelekea Mzee habari hizo uwanjani akiwa amelala chini ya ndege ya mtu na spana mkononi, naye alisema “Vizuri,” bila kutoka huko.

Ila soma maneno ya sheria vizuri, maana kuna mtego ndani na nimeona watu wakinaswa. Anayeruhusiwa kuhesabiwa saa hizo ni mwenye leseni ya spoti. Mwenye nayo tayari, si anayeitafuta. Ukisoma saa 18 na mwalimu wa spoti, halafu ukaamua katikati kwamba spoti haikutoshi na kuhamia shule ya leseni binafsi kabla hujafanya mtihani, zile 18 zinarudi kuwa za kumbukumbu tu. Mafunzo yenyewe pia yawe ya yale masomo ambayo leseni zote mbili zinayataka, kwenye aina hiyo hiyo ya ndege, na mwalimu awe alikuwa na idhini ya kuyatoa. Kijana mmoja Mkenya wa Columbus alinipigia mwaka juzi akiwa kwenye hali hiyo hasa, saa 16 mkononi, hamu ya spoti imekwisha. Nikamwambia: mdogo wangu, maliza hiyo spoti kwanza hata kama huipendi. Alimaliza kwa saa 9 zaidi, na hakupoteza hata moja.

Leseni binafsi niliichukua 2019 kwenye ile shule ya zulia. Walinipa mwalimu kamili, kijana wa miaka 23, kadi zake zote mbili mpya zinang’aa. Alikuwa mwerevu, ana adabu, na alikuwa akihesabu saa zake kama mfungwa anavyohesabu siku. Hili nalo lina historia. Februari 12, 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Bunge likapitisha sheria mwaka uliofuata, na kufikia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege akatakiwa kuwa na saa 1,500, isipokuwa wachache wenye punguzo kama wahitimu wa vyuo vya urubani. Sasa jiulize kijana mwenye saa 250 anazipata wapi hizo nyingine. Anazipata kwa kukaa kiti cha kulia akinitazama mimi nikitua vibaya. Ualimu umekuwa ngazi ya kupitia. Kijana wangu aliondoka tukiwa tumebakiza masomo matatu, kwa ujumbe wa simu, na simlaumu; aliyekuja baada yake alinirudisha nyuma masomo mawili ili ajue najua nini, na hayo nililipia.

Kwa hiyo nikiulizwa ni yupi bora, wa saa 150 asiyetaka kwenda popote au wa saa 400 anayetaka kwenda kesho, jibu langu halitokani na kanuni. Kijana alijua sheria za viwanja vyenye mnara wa kuongozea ndege na za redio kuliko Mzee atakavyozijua. Alinifundisha kuingia uwanja wenye ndege kubwa bila kutetemeka sauti. Lakini siku nilipotua kwa kudunda mara tatu, yeye alisema, “Wakati ujao inua pua zaidi,” akaandika kitu. Mzee siku kama hiyo alizima injini katikati ya nyasi, akakaa kimya kama dakika nzima, halafu akauliza, “Ulikuwa unatazama wapi?” Nilikuwa natazama mbele ya magurudumu. Hilo ndilo lilikuwa kosa, na sikuwa nalijua mpaka nilipotakiwa kulisema kwa mdomo wangu. Sitaki kusema kila mwalimu wa spoti ni mzee mwenye busara. Nimekutana na mmoja ambaye nisingempa hata toroli aisukume. Ninachosema ni kwamba sheria imepima saa za kuruka kwa makini sana, na ufundishaji imeupima zaidi kwa mtihani mmoja wa kuchagua majibu.

Na hata huo una msamaha. Mwenye cheti cha ualimu cha jimbo kinachomruhusu kufundisha darasa la saba na kuendelea hahitaji kuufanya. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu chumba cha walimu. Mimi nafundisha darasa la nane.

Mwanafunzi mpya wa leo ana sababu zaidi ya kuuliza. Tangu Oktoba 22, 2025 rubani wa spoti si yule wa ndege nyepesi tu. Kanuni mpya zinatazama kasi ya chini ambayo ndege inaweza kubebeka, isizidi noti 59 (maili za baharini kwa saa) bila kushusha mikunjo ya mabawa, badala ya uzito. Maana yake Cessna 172, ile ile ya viti vinne inayofundishiwa kila kona ya dunia, sasa inarushwa na mwenye leseni ya spoti, akiwa na abiria mmoja. Ukienda uwanjani utakuta ndege moja, kiti kimoja cha kulia, na siku tofauti anakaa mwalimu wa aina tofauti. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Muombe akuonyeshe kadi ya pili. Au andika jina lake kwenye ukurasa wa FAA wa kutafuta marubani, vyeti vyake vitatokea. Hakuna mwalimu mzuri aliyewahi kuudhika kwa hilo. Mzee nilipomwomba hatimaye, miaka mitatu nimechelewa, aliitoa na kunipa niishike huku akiendelea kunywa chai. Wakati huo ilikuwa na tarehe ya mwisho. Tangu Desemba 1, 2024 kadi mpya hazina tena tarehe; badala yake mwalimu lazima ndani ya kila miezi 24 athibitishe kwamba bado yumo, kwa kozi ya kujinoa, kwa mtihani, au kwa kuonyesha ametoa wanafunzi wa kutosha waliofaulu. Kwa hiyo siku hizi usiishie kwenye kadi. Uliza pia alithibitisha lini.

Swali la mama nalo lina jibu kwenye kanuni, nimelipata baadaye. Anayemwandaa mwalimu mpya, kwa njia ya kawaida, ni mwalimu aliyeshika cheti kwa miezi 24 na kufundisha angani saa 200. Yaani kweli kuna anayeuliza mwalimu alifundishwa na nani. Na naye alifundishwa na mwingine, hivyo hivyo mpaka unafika kwenye malisho ya Huffman karibu na Dayton, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu, ambako akina Wright walifungua shule yao 1910. Orville alifundisha pale bila kadi yoyote ya serikali, maana serikali haikuanza kutoa leseni za marubani mpaka 1927. Walipotaka kumheshimu kwa kumpa leseni namba moja, alikataa.

Mimi nina saa 163 sasa. Idhini ya mawinguni sina, wala siitafuti. Tangu mwezi wa tatu nakaa kiti cha nyuma cha Champ, na Mzee, sasa sabini na tatu, anakaa mbele akijifanya mwanafunzi. Ni mwigizaji hatari. Anasahau vitu ambavyo mimi nilivisahau mwaka 2016, kwa mpangilio ule ule, nadhani aliviandika mahali.

Jumamosi iliyopita tulikuwa futi 3,000 juu ya mashamba, barabara ya changarawe ikiwa ndiyo uwanja wetu wa kuigiza. Kona ya mwisho kabla ya kunyooka na barabara, akaipita. Badala ya kukubali kwamba ameipita, akaanza kuisukuma pua kwa mguu na kuvuta fimbo, kosa lile lile ambalo karibu na ardhi limeua watu wengi. Nikaikamata fimbo.

“Mbona umechukua ndege yangu?” akauliza bila kugeuka.

“Ulikuwa unataka kuizungusha.”

“Nilikuwa nataka. Sikuwa nimeizungusha. Utanifundisha nini kama hujaniacha nikakosea?”

Tukapanda tena, tukazunguka, tukaja kwenye kona ile ile. Akaipita tena. Mguu ukaanza kusukuma, pua ikaanza kunyanyuka, na sauti ya upepo mlangoni ikaanza kushuka, ile sauti aliyonifundisha kwa kipande cha karatasi.

“Mikono yako iko wapi?” akauliza.

“Mapajani.”

“Iache hapo kwanza.”